Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

 

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo la nyumbani kabisa, nalo ni kukaribisha watu. Sisemi juu ya arusi wala matanga. Nasema juu ya makutano madogo: majirani wachache Jumapili mchana baada ya ibada, au ndugu wa ushirika jioni baada ya kazi. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walijua kwamba mgeni akiingia, nyumba huchangamka. Chakula hupikwa kwa furaha, habari husimuliwa, na hata mwenye huzuni hujikuta anacheka.

Lakini siku hizi twasikia neno lingine. Mtu husema, "Ningependa sana kuwaalika watu, lakini nyumba yangu bado." Bado nini? Bado makochi. Bado vitambaa vya viti. Bado vikombe vinavyofanana. Bado saruji sakafuni. Hivyo mwaka unapita, na wa pili unapita, na mlango ungali umefungwa.

Hebu chukueni mfano wa ushirika unaokutana nyumba kwa nyumba kila Alhamisi. Nyumba ya kwanza ilitoa chai ya maziwa na mandazi. Nyumba ya pili ikaongeza chapati. Ya tatu ikachinja kuku na kuleta kreti ya soda. Ya nne haikutaka kushindwa, ikakopa pesa ili ipate kupika pilau. Nyumba ya tano ilikuwa ya mama mjane anayeuza mboga karibu na kituo cha matatu. Yeye ana benchi moja, vigoda viwili, na vikombe vya bati. Zamu yake ilipofika, alisema ana homa. Zamu ya pili alisema ana safari. Baadaye hakuonekana tena katika ushirika. Je, ni nani aliyemfukuza? Hakuna aliyemtamkia neno baya. Aliyemfukuza ni yule kuku, na ile soda, na ile pilau ya mkopo.

Ndugu zangu, hili si jambo dogo. Ukarimu ukigeuka kuwa mashindano, wenye kidogo huaibika, wenye kingi hujivuna, na wale wa katikati huingia katika madeni. Neno la Mungu linapigwa lami kwa sahani zetu wenyewe, lisipite.

Sasa tutazame Maandiko. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za mwanamke mmoja wa Shunemu. Alikuwa mtu mwenye mali. Alipoona kwamba nabii Elisha hupita kwao mara kwa mara, alishauriana na mumewe, wakamtengenezea chumba kidogo. Waliweka nini ndani yake? Vitu vinne tu: mahali pa kulala, meza, kiti na taa. Angeweza kuweka vingi, lakini alimfikiria mgeni mwenyewe. Mtu aliyechoka kwa safari ataka nini? Ataka kulala, kuketi, mahali pa kuweka kitu chake, na mwanga. Mwanamke huyu hakujiuliza, "Watu watanionaje?" Alijiuliza, "Huyu anahitaji nini?" Maswali hayo mawili hujenga nyumba za namna mbili.

Tena, mkumbukeni Bwana wetu baada ya kufufuka, katika Injili ya Yohana, sura ya 21. Wanafunzi walikuwa wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Asubuhi walimkuta pwani, amewasha moto wa makaa, na juu yake pana samaki, na mkate. Mfalme wa mbingu na nchi aliwaandalia watu chakula bila meza, bila nyumba. Zaidi ya hayo, aliwaambia walete na samaki wengine kati ya wale waliokuwa wamevua muda ule. Hakuona aibu mgeni kuchangia chakula. Basi kwa nini wewe umkataze jirani asije na viazi vyake vitamu?

Labda mtaniuliza, "Mchungaji, basi tufanyeje?" Nitawapa maneno manne, nanyi mkayajaribu.

La kwanza, pika kile ambacho nyumba yako inakijua. Kama wewe ni mtu wa Pwani, mahamri na mbaazi yatosha kabisa. Kama ni wa Ukambani, tupe muthokoi. Kama ni wa kando ya ziwa, tupe samaki na ugali. Kama kwenu ni nduma na chai, tutashukuru kwa nduma na chai. Kila nyumba ina mkono wake na ladha yake. Hiyo ndiyo sura ambayo mgeni huikumbuka. Miaka kumi baadaye hatakumbuka rangi ya pazia, lakini atakumbuka chai yako yenye tangawizi, na jinsi ulivyosimulia hadithi ya ng'ombe wa babu yako. Usiige nyumba ya jirani. Tulikuja kwako kwa sababu tulikutaka wewe.

La pili, mwenyeji naye aketi. Twamjua Martha katika Luka, sura ya 10. Wengi humlaumu, lakini mtazameni vizuri. Ni yeye aliyemkaribisha Yesu nyumbani. Bwana hakumwonya kwa sababu amepika, bali kwa kuwa shughuli nyingi zilikuwa zimemsumbua moyo. Je, Martha wa hapa kwetu ni nani? Ni yule mama aliye jikoni katika moshi tangu asubuhi. Sebuleni watu wanasoma Neno, wanaomba, wanacheka, na yeye husikia tu, "Mama, asante kwa chakula," wageni wanapoondoka. Amewalisha watu wote, naye amebaki na njaa ya roho. Basi chakula kiwe kimoja, kipikwe mapema, chai itiwe katika chupa, na mama aketi pamoja na watu. Nanyi akina baba, jagi la maji si zito. Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu. Wewe waweza kuwanawisha wageni wako mikono.

La tatu, mpe mgeni kazi ndogo. Mmoja amenye viazi, mwingine akune nazi, vijana walete benchi kutoka kwa jirani, watoto wagawe vikombe. Mtu aliyeshika kisu jikoni si mgeni tena, amekuwa mwenyeji. Zimeni televisheni, na simu ziwekwe kando, ili tuonane nyuso. Sala ya kubariki chakula iwe fupi. Uji usipoe kwa ajili ya ufasaha wetu.

La nne, mwalike asiyeweza kukulipa. Katika Luka, sura ya 14, Bwana anatufundisha kwamba tunapofanya karamu tusiishie kwa rafiki na matajiri, ambao nao watatualika, bali tuwakumbuke maskini na walemavu. Kati ya viti vyako, kimoja kiwe cha mtu ambaye hakuna amwalikaye: mjane, mlinzi wa usiku, kijana aliyefika mjini kutafuta kazi na hajui mtu.

Ndugu, Kanisa la kwanza halikuwa na majengo kama yetu. Mtume Paulo aliwasalimu waumini waliokutana nyumbani kwa Prisila na Akila, na nyumbani kwa Filemoni. Hata hapa Afrika ya Mashariki, uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka 1937, ulienea sana kupitia ushirika mdogo wa ndugu majumbani. Watu wa makabila mbalimbali waliketi pamoja, wakanywa chai kutoka sufuria moja, wakatubu na kupatana. Hakuna aliyeuliza kama vikombe vinafanana.

Basi nina neno kwa wewe mama uliyesema una homa, nawe huna homa. Alhamisi ijayo fungua mlango. Benchi lako latosha. Watakaokosa nafasi watakaa mkekani. Chai ya rangi si aibu. Na ninyi mlio na kuku na soda, zamu yenu ikifika, pikeni chai na mandazi tu, ili atakayefuata asiogope. Kile mlichobakiza mpelekeeni mtu kwa siri. Kufanya hivyo ni ukarimu mkubwa kuliko karamu.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekubali kuingia nyumbani mwa Zakayo, na ukaketi mezani na wale wawili kule Emau, ingia nyumbani mwetu jinsi palivyo. Utuondolee aibu na majivuno. Utupe moyo wa kugawana kidogo tulicho nacho bila kunung'unika. Umrudishe kila aliyejitenga kwa sababu ya umaskini wake, nasi utufundishe kumpisha akae. Kwa jina lako tunaomba. Amina.