Mkopo wa Chuo Huanza na Karatasi za Nyumbani

(Maneno yaliyotolewa mbele ya kamati za parokia za Karagwe na Kyerwa)



Tumekuja na jambo moja. Wapo vijana wetu wanaofaulu kidato cha sita na kubaki nyumbani, si kwa kukosa akili, wala si kwa kukosa sifa za kupata mkopo, bali kwa kukosa karatasi.

Kama mnavyofahamu, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mkopo wake unaweza kugharimia ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, baadhi ya kozi za stashahada nazo zimeingizwa. Yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya zinazosaidiwa na TASAF ni miongoni mwa wanaopewa kipaumbele. Hao ndio watoto tunaoishi nao vijijini.

Lakini Bodi haiwezi kumjua mtoto kama sisi tunavyomjua. Kijijini kila mtu anajua kwamba fulani ni yatima, maana tulikwenda mazikoni. Ikiwa kifo cha baba yake hakikuandikishwa, kwenye maombi baba huyo ni kama yu hai. Cheti cha kifo, sawa na cheti cha kuzaliwa, lazima kihakikiwe na RITA. Aidha, mtoto anaweza kuwa na jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine kwenye cheti cha kidato cha nne. Kwetu ni mtu mmoja. Kwenye mtandao ni watu wawili, hadi jambo hilo litengenezwe kisheria.

Tatizo la pili ni muda. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa mwezi Juni au Julai na mara nyingi kufungwa karibu na mwisho wa Agosti. Katika miezi hiyohiyo vijana wengi huitwa JKT. Maombi hujazwa kwenye mtandao, kisha kurasa huchapishwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na hakimu au wakili, halafu hupandishwa tena kwenye mtandao. Kwa familia iliyoko Murongo au Kaisho, hizo ni safari kadhaa. Ada ya maombi nayo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, si ndogo kwa nyumba inayosubiri malipo ya kahawa.

Hivyo basi, tunaziomba kamati zifanye yafuatayo. Kila Januari, andikeni majina ya wanafunzi wa kidato cha sita katika kila kigango. Kufikia Machi, linganisheni majina kwenye vyeti vyao na kupeleka vyeti kuhakikiwa. Kabla ya Mei, mdhamini awe amepatikana, akiwa na picha na kitambulisho chake cha taifa. Baada ya maombi kutumwa, mjumbe mmoja amkumbushe kijana kufuatilia akaunti yake, kwa kuwa Bodi hutoa nafasi fupi ya kurekebisha kasoro.

Ndugu wafadhili, mnaweza kuuliza kwa nini tusilipe ada ya chuo moja kwa moja. Shilingi milioni moja haitoshi ada ya mwaka mmoja katika kozi nyingi. Fedha hizohizo zinalipa ada ya maombi ya vijana 33. Tunajua si wote watakaopata mkopo, na wengine watapata usiotosha. Kwa hao, mfuko wa ada ubaki. Lakini usitumike kumlipia yule ambaye angepata mkopo kama angekuwa na cheti.

Mwisho, tuwaambie vijana ukweli: huu ni mkopo, si zawadi. Tangu mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Nafuu ilipatikana mwaka 2021, pale tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa zilipoondolewa. Anayelipa leo anamsaidia anayekuja kesho.

Haba na haba hujaza kibaba. Kila kamati ikianza na kigango kimoja, na kila mzazi akifungua sanduku lake Januari badala ya Agosti, watoto wetu wataingia kwenye foleni wakiwa na haki yao mkononi.