Walituuliza lini? Somo la Afrika ya Kusini juu ya sheria za kutoa mimba na za waganga wa kienyeji

Maneno yaliyosemwa kwenye siku ya mafunzo ya uraia, mbele ya wanaharakati, wamama wa vyama, wauguzi na waganga wa dawa za miti.



Leo tunaongea juu ya mambo mawili ambayo watu hawapendi kuyaongea hadharani: kutoa mimba na kazi ya mganga wa kienyeji. La kwanza linasemwa kwa sauti ya chini. La pili, wengi wanalikana mchana na kulikimbilia usiku, wakati mtoto ana homa. Sikuja kuwaambia nani iko na haki kati ya padri na muuguzi, ao kati ya daktari na mwenye dawa za miti. Swali langu ni lingine: sheria inayogusa mwili wa mtu wa Lubero, wa Fizi ao wa Kananga inatungwa na nani, na huyo mtungaji alimusikiliza nani kabla ya kuandika?

Ili tuone vizuri, twende kwanza Afrika ya Kusini. Kule, swali hili lilifika mpaka mahakama ya juu, na jibu lake linatuhusu sisi pia.

Mwaka wa 2004, wabunge wa Afrika ya Kusini walipitisha sheria mbalimbali za afya. Moja ilibadilisha sheria ya kutoa mimba ya mwaka wa 1996. Ile ya 1996 ilikuwa imeruhusu mwanamke kutoa mimba kwa ombi lake mwenyewe mpaka juma la 12, na kazi hiyo ifanywe na daktari ao mkunga aliyesomea. Mabadiliko ya 2004 yalisema kwamba muuguzi yeyote aliyesomea kazi hiyo anaweza kuifanya pia mpaka juma la 12. Tena, ruhusa ya kituo cha afya isitoke tena kwa waziri wa taifa, itoke kwa mukubwa wa afya wa jimbo.

Sheria nyingine ilihusu waganga wa kienyeji: wapiga ramli wanaoitwa sangoma, wenye dawa za miti, wakunga wa kienyeji, na wale wanaotahiri vijana. Ilisema wajiandikishe kwenye baraza moja la taifa ndipo waruhusiwe kufanya kazi.

Sasa musikilize namna inchi ile inavyotunga sheria. Iko na majimbo tisa. Kando ya Bunge la Taifa kuko nyumba ya pili, Baraza la Taifa la Majimbo. Sheria ikigusa mambo ambayo taifa na majimbo wanayashika pamoja, na afya ni moja ya mambo hayo, kila jimbo linapiga kura moja. Jimbo kubwa, kura moja. Jimbo dogo, kura moja. Na wajumbe hawapigi kura kwa kichwa chao: bunge la jimbo lao linawapa agizo. Tena Katiba yao ya 1996, kifungu cha 72, inalazimisha Baraza hilo kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Haisemi "mukipata nafasi". Inasema ni lazima.

Juu ya nini ni lazima? Kwa sababu jimbo linajua kitu ambacho mtu wa ofisini kwenye mji mkuu hakijui. Mufikirie mambo ya kutahiri. Katika jimbo la Eastern Cape vijana walikuwa wanakufa porini, kwenye kambi za jando, kwa sababu ya vidonda na ukosefu wa maji. Jimbo halikungojea taifa. Mwaka wa 2001 lilitunga sheria yake lenyewe ya kuangalia usafi na afya katika kutahiri. Kule kaskazini, jimbo ambalo leo linaitwa Limpopo lilikuwa limetunga yake tangu 1996 juu ya shule za jando. Kwa hiyo taifa lilipoanza kuandika sheria ya waganga, kulikuwa tayari majimbo yenye kujua kazi hii kwa uchungu wa kuzika watoto. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani kwenye kompyuta ya mshauri.

Na kuhusu kutoa mimba vilevile. Kwa mwanamke wa Johannesburg, daktari hayuko mbali. Kwa mwanamke wa kijiji cha milimani, mtu wa afya wa kwanza, na pengine wa mwisho, ni muuguzi. Kwa hiyo swali la kama muuguzi aruhusiwe ao asiruhusiwe si swali moja mjini na kijijini. Kijijini kuko watu wanaosema aruhusiwe, kuko wanaosema ni zambi, na kuko muuguzi mwenyewe anayeuliza: mimi nikikataa kwa zamiri yangu, itakuwaje? Wote hao wako na neno.

Basi, Baraza la Majimbo lenyewe liliona kwamba sheria hizi mbili zinagusa watu sana, likakubali kwamba wananchi wasikilizwe katika majimbo. Lakini muda ulikuwa mfupi na ratiba ilibana. Majimbo mengi hayakufanya mikutano hiyo. Kura zikapigwa hata hivyo, sheria zikapita, rais akatia sahihi.

Hapo kikundi kinachoitwa Doctors for Life, ambacho kinapinga kutoa mimba, kikaenda mahakamani. Hakikusema tu kwamba sheria ni mbaya. Kilisema: munadai mulitusikiliza, mulitusikiliza wapi?

Tarehe 17 Agosti 2006 Mahakama ya Katiba ikakata. Hukumu ya wengi iliandikwa na Jaji Sandile Ngcobo. Ilisema kwamba demokrasia ya inchi yao si kupiga kura kila miaka mitano halafu kunyamaza. Mwananchi iko na haki ya kushiriki hata kati ya uchaguzi na uchaguzi. Jaji alikumbusha pia kwamba Waafrika hawakujifunza jambo hilo kwa wageni: kuko imbizo, kuko lekgotla, mikutano ya wazee na raia ya kuzungumzia mambo ya wote. Sisi huku tunaiita barza. Munaijua.

Mahakama ikazivunja sheria zote mbili, ya kutoa mimba na ya waganga, ikalipa Bunge miezi 18 ya kurudilia kazi. Haikuzivunja kwa sababu ya maneno yaliyokuwa ndani yake. Ilizivunja juu ya namna zilivyopita. Na muone busara yake: katika kesi ileile kulikuwa sheria nyingine, ya mafundi wa meno bandia. Hiyo mahakama iliiacha, kwa sababu wananchi hawakuwa wameonyesha hamu nayo. Maana yake si kila karatasi inaitisha mkutano. Lakini kadiri sheria inavyoingia ndani ya maisha ya watu, ndivyo kazi ya kuwasikiliza inavyokuwa nzito.

Wandugu, sehemu inayokuja musiisahau. Bunge likarudilia. Sheria mpya ya waganga ikatoka mwaka wa 2007. Sheria mpya ya kutoa mimba ikatoka mwaka wa 2008, na muuguzi aliyesomea akabaki na ruhusa yake. Wale waliokwenda mahakamani walishinda kesi, lakini hawakuua sheria. Kusikilizwa ni haki ya kila mtu. Kusikilizwa si sawa na kushinda.

Nalisema kwa nguvu kwa sababu hata kati yetu kuko wanaoogopa. Wanasema: mukifungua mikro kule vijijini, wachungaji na machefu watasema peke yao, haki za wanawake zitazikwa. Uoga huo naufahamu. Lakini Afrika ya Kusini inaonyesha kwamba sheria inaweza kupita mbele ya watu na bado ikasimama. Na sheria iliyopita nyuma ya watu, adui yake wa kwanza iko tayari na silaha: atasema ni ya wageni, ni ya Kinshasa, ni ya wazungu. Tutamujibu nini?

Sasa turudi kwetu.

Kanuni yetu ya adhabu, katika vifungu vya 165 na 166, inaazibu kutoa mimba. Anayemutoa mwanamke mimba anaweza kufungwa kuanzia miaka 5 mpaka 15. Mwanamke mwenyewe, kuanzia miaka 5 mpaka 10. Upande mwingine, inchi yetu iliingia katika Mapatano ya Maputo ya mwaka wa 2003 juu ya haki za wanawake wa Afrika. Kifungu cha 14 cha Mapatano hayo kinaruhusu mimba itolewe kwa njia ya kiganga kama mwanamke alibakwa, kama ni mimba ya ndugu wa damu, ao kama mimba inaharibu afya ya mama ao inatisha uhai. Sheria ya kuturuhusu kuingia ilitoka Juni 2006. Mapatano yenyewe yalitangazwa katika gazeti rasmi la serikali Machi 2018. Karibu miaka 12! Na Katiba yetu, kifungu cha 215, inasema mapatano yakisha kutangazwa yanapita sheria za kawaida.

Haya, mimi nauliza hapa ndani: ni wangapi walielezwa mambo hayo katika barza ya kwao? Muuguzi wa kituo cha afya, anajua afuate kifungu cha 14 ao aogope kifungu cha 165? Binti aliyebakwa akitoka shambani, katika Kivu hii yetu yenye vita, anajua kwamba iko na mlango wa hospitali? Asipojua, na muuguzi akiogopa, atakwenda kwa mtu wa mizizi, usiku, bila kusema kwa mama yake. Na yule mtu wa mizizi, hakuna aliyemwita kumuuliza nini anaona, nini anaweza, na wapi anapaswa kusema: hapa nguvu yangu imefika mwisho, peleka mtoto hospitali. Tuko na sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018, inayogusa pia dawa za kienyeji. Waganga muliokuja leo, inueni mkono kama kuna mtu aliwaita kuizungumzia.

Njo maana nasema mambo haya mawili ni jambo moja. Mwanamke na mganga wanakutana gizani kwa sababu sheria ilipita bila wao wawili.

Munajua namna yetu ya kutunga. Kanuni ya adhabu ni kazi ya Kinshasa, si ya jimbo. Lakini kuko Seneti: watu 108 wanaochaguliwa na mabunge ya majimbo, wanne kwa kila jimbo na wanane kwa Kinshasa. Katiba inasema seneta anawakilisha jimbo lake, ingawa kazi yake ni ya taifa zima. Basi amuulize mwenye jimbo! Kwetu hakuna agizo la jimbo kama kule kusini, wala kifungu kama kile cha 72. Na katika Kivu ya Kaskazini na Ituri shida imezidi: tangu tarehe 6 Mei 2021 tuliwekwa chini ya état de siège, magavana wakawa wanajeshi, mabunge ya majimbo yakasimamishwa. Wakati huohuo ambapo wanawake wetu wanaumizwa zaidi, nyumba ambayo ingebeba neno lao ilifungwa. Hilo tunalikataa, na tutaendelea kulikataa bila jiwe, bila silaha, lakini bila kunyamaza.

Tufanye nini? Kifungu cha 27 cha Katiba yetu kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wakubwa ombi, peke yake ao pamoja na wengine, na mkubwa iko na miezi mitatu ya kujibu. Tunaanza hapo. Kila kikundi chetu kiandikie maseneta wa jimbo lake ombi moja: sheria yoyote ya kutoa mimba ao ya waganga isipigiwe kura kabla ya mikutano ya wazi katika teritwari, kwa luga ambayo watu wanasikia. Tarehe ya barua iandikwe, miezi mitatu ihesabiwe, na jibu, ao ukimya wao, tutangaze.

Wakati tunangoja jibu, tusikae. Tutafsiri vifungu vya 165, 166 na kile cha 14 cha Maputo katika Kiswahili cha nyumbani, tuvisome kanisani, sokoni, shuleni. Tuitishe barza zetu wenyewe. Na kwenye barza hizo, tuangalie nani ameketi. Kama ni wanaume wenye tai tu, barza haijaanza. Wamama waongee wao wenyewe, mahali salama, bila kulazimishwa kusimulia mateso yao. Waganga waongee. Wauguzi waongee. Mchungaji naye aongee, neno lake ni la raia kama la mwingine.

Kunaweza kutoka mawazo ambayo mimi binafsi siyapendi. Sawa. Sheria bora haianguki kutoka Maputo ao Kinshasa tu, wala sheria peke yake haitoshi: hata Afrika ya Kusini, baraza la muda la waganga lilizinduliwa mwaka wa 2013 tu, miaka sita kisha sheria. Kazi ni ndefu. Lakini siku sheria itafika kijijini, mtu asiseme tena "ile ni ya wale". Aseme: hii naijua, nilikuwako wakati inazungumzwa.

Kalamu ziko hapa kwenye meza, na karatasi za ombi zimeandaliwa.