Nyumba Njema Si Mlango

  Leo tungependa kuzungumza nanyi habari za nyumba. Kila mtu anajua nyumba ni nini, na kila mtu ana lake la kusema juu ya nyumba. Basi karibuni tusemezane.

Wazee wa Msambweni wanaikumbuka Jumatatu ya tarehe 21 Agosti, 1978. Siku ile Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa nchi yetu, aliwatembelea. Baadaye akarudi Mombasa, na usiku ule ule, kabla hakujapambazuka tarehe 22, akafariki dunia katika Ikulu ya Mombasa. Ikulu ile iko kisiwani, kando ya bahari, si mbali na kivuko cha Likoni. Wengi wetu tunaijua kwa sababu ya msiba ule. Lakini ni wachache wanaojua ni nani aliyeichora nyumba ile, na ilijengwa kwa ajili ya nani.

Aliyeichora ni Mwingereza, Sir Herbert Baker, mmoja wa wasanifu wa majengo waliosifiwa sana katika siku zake. Nyumba hiyo aliichora kwa ajili ya gavana wa Kiingereza, katika miaka ya 1920. Wakati huo Kenyatta mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa idara ya maji ya mji wa Nairobi. Nani angalimwambia gavana kwamba kijana yule wa idara ya maji ndiye atakayelala katika nyumba ile akiwa mkuu wa nchi? Na nani angalimwambia Baker? Naam, ajengaye nyumba huijua ramani yake, lakini hajui ni nani atakayeirithi.

Hebu tumtazame mtu huyu. Herbert Baker alizaliwa mwaka 1862 huko Cobham, katika jimbo la Kent, Uingereza. Mwaka 1892 alikwenda Afrika Kusini, na huko akajulikana na Cecil Rhodes, yule tajiri wa almasi aliyetaka Afrika yote iwe chini ya Waingereza. Rhodes alimpa kazi ya kuijenga upya nyumba yake iitwayo Groote Schuur, na mwaka 1900 akamlipia safari ya kwenda kuyaona majengo ya kale ya Italia, Ugiriki na Misri. Kutokana na safari ile Baker alirudi na wazo moja ambalo hakuliacha maisha yake yote, kwamba dola kubwa yapaswa kuwa na majengo makubwa, ya mawe, yenye nguzo, juu ya kilima, ili kila aonaye aogope na kustahi.

Wala hakuwa fundi mbaya. Alijua kwamba katika nchi za jua kali nyumba yataka kivuli na hewa. Aliweka baraza pana, kuta nene na nyua za ndani ambamo upepo hupita. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Babu zetu walilijua tangu zamani, walipojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakaezeka juu ya boriti za mikoko. Alipofika Kenya mwaka 1925, kwa mwaliko wa Gavana Edward Grigg, Baker alichora nyumba ya gavana ya Nairobi na hii ya Mombasa, mahakama kuu ya Nairobi, na shule ya wavulana wa Kizungu iliyoitwa Prince of Wales.

Alipewa cheo cha heshima na mfalme wake mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1946 majivu yake yalizikwa katika kanisa kuu la Westminster, London, mahali wanapozikwa watu wakubwa wa Uingereza. Hata hivyo, wajuzi wa majengo bado wanamlaumu kwamba alipoijenga upya Benki Kuu ya Uingereza, alibomoa karibu kazi yote ya ndani ya msanifu aliyemtangulia, John Soane, ambaye aliifanyia kazi benki ile kwa miaka 45. Kwa hiyo, wapendwa, hata mwenye sifa nyingi huachwa na hesabu ya kutoa.

Lakini hesabu kubwa zaidi iko kwingine. Tutazame jengo lake kubwa kuliko yote katika Afrika, nalo ni makao ya serikali huko Pretoria, yaitwayo Union Buildings. Lilimalizika kujengwa mwaka 1913. Liko juu ya kilima, na urefu wake unakaribia mita 300. Lina mabawa mawili yanayofanana, kushoto na kulia, na katikati yake ukumbi wa nguzo uliopinda kama mwezi mchanga. Mabawa yale mawili yalikuwa na maana yake. Bawa moja lilikuwa la Waingereza, na la pili la Makaburu. Walikuwa wamepigana vita vikali hata mwaka 1902, na sasa wakafanywa taifa moja chini ya paa moja.

Basi tuulize, je, Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi kuliko wote katika nchi ile, bawa lao lilikuwa wapi? Halikuwapo. Katika maelezo ya mipango yake Baker alipendekeza pawe na mahali pa wazi, nje, ambapo Waafrika wangeweza kukutana na kuuona ukuu wa serikali bila ya kuingia ndani. Tusikilize vizuri hapo. Hakuwasahau. Aliwafikiria, akapima, akachora, na katika kuchora kwake akawaweka nje. Na mwaka ule ule wa 1913 jengo lilipomalizika, serikali ya nchi ile ilipitisha sheria ya ardhi iliyowazuia Waafrika kununua shamba katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yao wenyewe.

Miaka 43 ikapita. Tarehe 9 Agosti, 1956, wanawake kama 20,000, weusi kwa weupe, Wahindi na machotara, walipanda kilima kile kupinga sheria ya vipande. Walikuja kutoka kila upande, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Waziri Mkuu hakutokea kuwapokea. Waliacha marundo ya karatasi zao milangoni mwa ofisi, kisha wakasimama kimya kwa nusu saa nzima, katika ukumbi ule wa nguzo ambao haukujengwa kwa ajili yao. Tarehe 10 Mei, 1994, mahali pale pale, Nelson Mandela aliapishwa kuwa Rais. Na alipofariki, mwezi wa Desemba, 2013, mwili wake uliwekwa pale siku tatu, watu wakapanga foleni ndefu kuja kumwaga.

Na si Pretoria tu. Huko Delhi, Baker akishirikiana na Edwin Lutyens, walijenga mji mkuu wa kuitawala India. Jengo la Bunge lilifunguliwa mwaka 1927. Miaka 20 tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti, 1947, ndani ya jengo hilo hilo Wahindi waliupokea uhuru wao. Ndimo walimotungia katiba yao. Tangu mwaka 2023 Bunge lao limehamia jengo jipya, na lile la zamani wameliita Nyumba ya Katiba.

Alijenga na makanisa. Kanisa kuu la Mtakatifu George huko Cape Town ni ramani yake, na jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1901 na mtoto wa mfalme wa Uingereza. Katika kanisa hilo Desmond Tutu alikuwa Askofu Mkuu kuanzia mwaka 1986 hadi 1996. Kutoka mlango wake, mwezi wa Septemba, 1989, watu kwa maelfu walitoka kuandamana kwa amani, wa kila rangi. Majivu ya Tutu yamezikwa humo tangu mwezi wa Januari, 2022. Mawe hayakubadilika. Waliobadilika ni watu waliopita mlangoni.

Hata shule ile ya Prince of Wales leo ni Nairobi School, na kijana wa Kinango au wa Msambweni akifaulu vizuri aweza kuitwa kwenda kusoma huko, katika madarasa ambayo babu yake hakuruhusiwa kuketi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, ni rahisi sana kusikia habari hizi tukafurahi na kusema, "Haya, Mungu ni mwema, aliyekuwa nje ameingia ndani." Ni kweli, na tushukuru. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma nusu ya barua. Wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tumekwisha ingia. Je, tulipoingia, tuliuacha mlango wazi, au tuliufunga nyuma yetu?

Tuseme wazi. Hapa kwetu Kwale wako watu waliozaliwa mahali, wakapanda minazi na mikorosho mahali hapo, wakazika wazee wao hapo, na mpaka leo wanaitwa maskwota kwa sababu hawana karatasi. Uhuru ulikuja mwaka 1963. Nyumba ya gavana ikawa Ikulu. Lakini kuna mtu ambaye angali amesimama nje na bahasha yake mkononi, kama wale akina mama wa Pretoria, akiambiwa rudi kesho.

Tena ziko njia za kushukia baharini, ambazo wavuvi na watoto wamezipita tangu kale, nazo siku hizi utazikuta zina lango na askari. Fundi aliyesuka makuti ya paa, aliyechanganya saruji na kubeba mawe kutoka machimboni, akimaliza kazi hapiti tena mlango ule. Naye huyo askari ni mtoto wa kijiji kile kile.

Wala tusiwasingizie wakubwa peke yao. Kila mmoja wetu ni msanifu wa majengo. Kila mmoja ana nyumba, hata ikiwa ni ya udongo na makuti, na katika nyumba hiyo amechora nani atakaa ndani na nani atabaki nje. Yule msichana wa kazi anayepika chakula, je, anakula wapi, na anakula nini? Mjane wa ndugu yetu, baada ya matanga, alibaki katika nyumba aliyoijenga pamoja na mumewe, au mali iligawanywa yeye akiwa uani? Katika mikutano yetu ya kanisa na ya kijiji, wale wasiojua kusoma hupewa nafasi ya kusema, au huwekwa nyuma waione heshima ya mkutano bila ya kuingia ndani yake? Baker alichora kwa kalamu. Sisi twachora kwa kiti tunachompa mtu, na kwa kiti tunachomnyima.

Pale Diani, mahali Mto Mwachema unapoingia baharini, upo Msikiti wa Kongo, wa majirani zetu Waislamu. Umejengwa kwa matumbawe na chokaa, una umri wa karne kadhaa, na mpaka leo watu wanaswali humo. Waliochoma chokaa yake hawatajwi vitabuni, wala hawakuzikwa Westminster. Walijenga mahali pa watu kuingia, na watu wangali wanaingia. Hiyo nayo ni sifa, na labda ni kubwa kuliko kuandikwa jina.

Basi tuagane kwa jambo moja la kufanya, si la kusikia tu. Juma hili, kila mmoja na asimame katika mlango wa nyumba yake, atazame nje, amtafute mtu ambaye yeye mwenyewe amemweka huko. Huenda ni jirani mliyekosana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Huenda ni mkwe, au mtoto wa kambo, au mfanyakazi ambaye mshahara wake umecheleweshwa. Kisha amwite kwa jina lake, amkaribishe, ampe kiti kama cha wenzake. Kama ana haki yake kwetu, tumpe siku ile ile. Tusingoje warithi wa nyumba zetu waje kurekebisha tulichokichora vibaya, maana anayesubiri nje huchoka, na wengine hufa wakingoja.

Mungu atusaidie tujenge vema, na atupe moyo wa kufungua. Kaeni na amani.