GEREJI YA LONGWALL NA FUNZO LAKE KWETU

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wafanyao kazi katika magereji)



Twajua wengi wenu mmetoka kazini sasa hivi, mikono ingali na grisi, kwa hiyo hatutawakawiza. Tutasimulia habari za gereji moja tu, tena ya mbali, katika mji mdogo wa Oxford, Uingereza. Tumeichagua kwa sababu ya neno tunalolisikia kila tunapokusanya ada: "Mimi niko hapa kwa muda tu, kisha nitafungua gereji yangu. Chama kitanifaa nini?" Neno hili si la kijinga. Lastahili jibu la heshima.

Palikuwa na kijana jina lake William Morris, aliyezaliwa mwaka 1877. Alipotoka shule aliingia kwa tajiri mmoja wa baisikeli ili ajifunze kazi. Baada ya miezi tisa hivi aliomba aongezwe mshahara. Tajiri akakataa. Basi mwaka 1893 kijana akatoka, akaanza kutengeneza baisikeli nyumbani kwa wazazi wake, na mtaji wake ulikuwa pauni 4.

Mwaka 1901 alipata duka katika High Street. Mwaka 1902 akachukua majengo ya Longwall Street, mahali palipokuwa mazizi ya farasi wa kukodishwa. Farasi walitoka, mashine zikaingia. Wakati ule motokaa zilikuwa chache, na gereji haikuweza kuchagua kazi: ilitengeneza baisikeli na pikipiki, ikakodisha magari, ikauza motokaa, na kuzitengeneza zilipoharibika.

Lakini msidhani njia ilikuwa nyoofu. Mwaka 1903 Morris aliingia katika ushirika na watu wengine, na mwaka 1904 ushirika ule ukafilisika. Vifaa vikapigwa mnada, ikambidi anunue vifaa vyake mwenyewe, akabaki na deni la pauni 50. Ninyi mnaobeba masanduku ya spana mwajua uchungu wa fundi anayezilipia spana zake mara ya pili.

Akarudi Longwall, akaanza tena. Mwaka 1910 gereji ilijengwa upya, jengo la fahari katika mji ule. Mwaka 1912 Morris alichora motokaa yake mwenyewe, na mwaka 1913 zikaanza kuuzwa, zikiundwa Cowley, kando ya mji. Hata zile herufi MG mlizoziona juu ya motokaa za mbio zatokana na jina la gereji hiyo: Morris Garages. Na ile Morris Minor, iliyotoka mwaka 1948, wazee wetu waliijua vizuri katika barabara za Nairobi, Nakuru na Mombasa.

Hapo ndugu yetu wa ada atasema, "Mwaona! Fundi wa baisikeli amekuwa bwana mkubwa." Ni kweli, na kazi yake hatuidharau. Lakini na tuhesabu pamoja. Gereji ile ilitoa tajiri mmoja. Walioshika spana chini yake, na baadaye maelfu waliosimama katika viwanda vya Cowley, walizeeka wakiwa wafanyi kazi. Na yule kijana aliyenyimwa nyongeza ya mshahara, alipokuwa tajiri, hakupenda kabisa kupatana na vyama vya wafanyi kazi.

Jirani na kiwanda chake kilikuwapo kiwanda cha Pressed Steel, kilichotengeneza mabodi ya motokaa. Wengi waliofanya kazi humo walitoka Wales, wamekimbia njaa ya machimbo ya makaa yaliyofungwa. Walilipwa kwa hesabu ya vipande, na malipo hayo yalikuwa na manung'uniko mengi. Mwezi wa Julai 1934 waligoma, wanaume kwa wanawake, karibu majuma mawili. Mwishowe kampuni ikakubali chama chao, nao wakachagua wasemaji wao ndani ya kiwanda. Hapana hata mmoja miongoni mwao ambaye angaliweza kupata jambo hilo peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1952 kampuni ya Morris iliungana na Austin. Mwaka 1956 kampuni hiyo mpya iliwafukuza wafanyi kazi 6,000 bila kuwapa notisi. Miongoni mwao wamo bila shaka waliokuwa wakisema, "Niko hapa kwa muda tu." Barua ya kufukuzwa haikuuliza nani ana ndoto na nani hana.

Haki na isemwe: Morris alitoa mali nyingi. Mwaka 1938 alijitolea kuunda mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua, azipeleke bure katika hospitali za himaya ya Kiingereza, na mwaka 1943 alianzisha mfuko mkubwa wa elimu na utabibu. Watu wengi walipona kwa ajili yake. Lakini, ndugu, zawadi hutoka siku apendayo mtoaji. Haki huandikwa katika mapatano, ikadaiwa hata siku tajiri amekasirika.

Basi jibu letu ni hili. Atakaye kufungua gereji na afungue, nasi tutampelekea wateja. Lakini leo bado ni mfanyi kazi, na mshahara atakaowekea akiba ya gereji hiyo ndio huu unaolindwa na chama. Na siku akiwa tajiri, kijana wake wa spana akija kuomba nyongeza, asisahau kwamba Morris naye alisimama mlangoni vivyo hivyo.

Jengo la Longwall bado lipo, na siku hizi hulala wanafunzi humo. Majina ya mafundi wake hayakuandikwa ukutani. Yetu na yaandikwe katika daftari ya chama. Mweka hazina amekaa pale mezani, na daftari i wazi.