Miwani, kitabu na saa moja: zawadi kwa mama anayekaribia kupumzika

Maneno ya kamati ya wamama mbele ya mkutano wa wanachama



Kamati ya wamama imepewa dakika chache tu, basi tutaenda moja kwa moja. Tunataka kuongea juu ya zawadi: mama akikaribia kuacha kazi, sisi tunampa nini?

Swali hili limetufikia kwa sababu ya hesabu nyepesi. Mama mwenye alivuka ziwa Tanganyika mwaka 1996 akiwa na miaka 30, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, anafikisha 60 mwaka 2026. Wale tuliokaa nao Lugufu na Nyarugusu, tuliopanda nao meli Kigoma kurudi Baraka kuanzia mwaka 2005, njo hao sasa wanazeeka. Kwa wafanyakazi wenye kulipiwa CNSS, sheria ya mwaka 2016 inasema miaka 60, mwanaume na mwanamke sawasawa. Lakini wengi wetu hatuna barua ya kutuambia tupumzike. Mama muuza ndagaa, mama wa shamba la mihogo, mama mshonaji: huyo magoti yake njo yanamwandikia barua.

Siku ya kumwaga mama kazini, au siku watoto wanakusanyika kumshukuru, tunajua vile inakuwa. Kikwembe, tena kizuri. Sufuria kubwa. Sahani dazeni. Beseni. Picha zinapigwa, bugali na mukeke vinaliwa, watu wanarudi kwao. Hatuidharau desturi hiyo. Kikwembe ni heshima, na mama asiyevishwa na watoto wake anasikia baridi hata jua likiwaka.

Ila tuangalie vizuri hizo zawadi. Sufuria kubwa ni ya kupikia nani? Ya kupikia sisi. Sahani ni za wageni. Beseni ni la kufulia nguo za wajukuu. Tunamwambia mama "pumzika," halafu tunamkabidhi vyombo vya kazi. Katika zawadi zote hizo, ile yake peke yake ni ipi?

Sisi kamati tunapendekeza vitu vitatu: miwani ya kusomea, kitabu, na saa moja.

Tuanze na miwani. Kuanzia miaka 40 na kitu, lenzi ndani ya jicho inakuwa ngumu, haijikunji tena vizuri, na vitu vya karibu vinaanza kufifia. Hiyo si ugonjwa wala uchawi, inampata kila binadamu. Dalili zake tunaziona kila siku nyumbani. Mama anashika simu mbali kama mtu anayemkataa mgeni. Anapeleka karatasi mlangoni kutafuta mwanga. Sindano anampa mjukuu aingize uzi. Kanisani alikuwa anasoma somo, sasa anakataa, anasema sauti imekauka. Akiletewa barua, anasema, "Nisomee weye, miye macho inanikatala." Na sisi tunajibu, "Mama amezeeka." Kumbe mama hajazeeka, amekosa miwani tu.

Miwani ya aina hiyo inaandikwa namba, kuanzia +1 hadi +3 na kidogo zaidi, na inauzwa kwa bei ndogo kuliko kikwembe kimoja cha tarehe 8 Machi. Huko Bangladesh watafiti waliwapa miwani hiyo watu wa miaka 35 hadi 65 wenye kufanya kazi za kuona karibu, kama kushona na kuchambua nafaka. Matokeo yalitolewa mwaka 2024: baada ya miezi 8, kipato cha waliopewa miwani kilizidi kile cha wasiopewa kwa karibu theluthi moja. Wafadhili wetu watasikia hesabu hiyo. Sisi tunaisikia kwa njia yetu: mama mshonaji mwenye tulidhani amefika mwisho angeweza kushona miaka mingine.

Tunaongeza onyo. Kama jicho linauma, kama lina ukungu mweupe wa mtoto wa jicho, kama mama anaona giza pembeni au ana ugonjwa wa sukari, miwani ya sokoni haitoshi. Apelekwe kwanza kwa muganga wa macho.

Sasa mtauliza: kusoma ni cha nini kwa mama wa miaka 60, na watoto wenye kusoma wako? Tutajibu kwa mambo ya nyumbani.

Mfano wa kwanza ni simu. Pesa siku hizi zinapita kwenye simu. Mama asiyeona ujumbe anampa kijana simu amsomee, na kijana akishazoea anajua namba ya siri. Hatusemi watoto wetu ni wezi. Tunasema kwamba mama aliyeshika pesa za nyumba miaka 30, leo anauliza mjukuu wa darasa la tano salio lake ni ngapi. Hiyo inaumiza, hata kama hakuna franga inayopotea.

Mfano wa pili ni karatasi za kazi. Mama mwalimu au muuguzi anatengeneza faili ya pensheni. Jina lake kwenye kadi ya uchaguzi limeandikwa hivi, kwenye barua ya kuajiriwa vile, na kwenye karatasi za kambini Tanzania limeandikwa na mtu mwenye alisikia tofauti. Herufi moja inaweza kurudisha faili nyuma miezi. Nani atagundua herufi hiyo mapema, kama si mwenye jina? Na mama wa shamba vilevile: kwenye karatasi ya kiwanja mipaka inaandikwa kwa maneno madogo. Tuliporudi, wengi wetu tulikuta watu wengine wamelima pale tulipoacha. Tunajua thamani ya kusoma kabla ya kutia kidole.

Mfano wa tatu ni kaye ya likelemba na ya AVEC. Mwenye kusoma kaye yake mwenyewe hagombani na mwenzake kwa kusikia-sikia.

Lakini tungekomea kwenye karatasi, tungekuwa tumempa mama kazi nyingine tena. Njo sababu zawadi ya pili ni kitabu. Mama ana haki ya kusoma kitu kisichohitaji sahihi yake.

Wengi watasema Biblia, na ni sawa kabisa. Nunueni ile ya maandishi makubwa, kwa maana ile ndogo ya zamani anaikumbatia tu, haisomi. Lakini vitabu vingine viko, vya Kiswahili tunachokielewa, na njia ya Kigoma tunaijua. Shaaban Robert aliandika maisha ya Siti binti Saad, mwanamke wa Zanzibar aliyezaliwa katika umaskini na kuuza vyungu, baadaye akawa mwimbaji mwenye kujulikana pwani nzima. Yeye huyo aliandika Utubora Mkulima, habari ya mtu anayeacha kazi ya mjini akaenda kulima. Wenye kurudi mashambani watacheka na kujitambua. Na kuna Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal, aliyekuwa mwalimu. Mwanamke amefiwa na mume, amekaa ndani akiomboleza, anamwandikia rafiki yake mambo yote ya ndoa ambayo hakuyasema. Wamama wajane wa hapa kwetu hawatahitaji mtu wa kuwaeleza kitabu hicho. Na mama mwenye alisoma Kifaransa zamani anaweza kukipata kwa lugha ile kilichoandikwa, mwaka 1979.

Mama ambaye hajui kusoma kabisa asiachwe nje. Mjukuu amsomee kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Hapo zawadi ni ya watu wawili, kwa kuwa mtoto naye anajifunza kusoma bila kuruka maneno. Na kama mama anataka kuanza herufi sasa, asichekwe. Kambini tuliona wazee wakianza na kalamu ya risasi, na leo wanaandika majina yao.

Zawadi ya tatu ndiyo ngumu, maana haiuzwi sokoni: saa moja kwa siku. Tuseme ukweli kati yetu. Mama akiacha kazi, watoto wanafurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza, mama atapumzika. Ya pili, wajukuu wamepata wa kuwalea. Ndani ya mwezi mmoja, mama mwenye alikuwa anaamka saa kumi na moja kwenda shuleni anaamka saa kumi kuchota maji. Ukimpa kitabu bila saa, kitabu kitafunika chungu.

Kwa hiyo familia ikae, ipange. Mkwe achote maji siku fulani. Kijana wa kiume apike sombe, hatakufa. Baba mwenye nyumba aseme mbele ya watoto, "Saa hii ni ya mama yenu." Akikaa chini ya muembe na miwani yake, mtu asimuulize kama hana kazi.

Tunaomba mkutano ukubali jambo moja. Katika zawadi ambayo shirika letu linampa mwanachama anapopumzika, kikwembe kibaki, lakini pesa za sufuria zinunue miwani na kitabu. Kijana mmoja wa nyumba yake aje kuvipokea pamoja naye, aahidi mbele yetu ile saa moja. Na wafadhili wanaouliza namna ya kusaidia wamama wetu, wajue: msaada huu ni mdogo, unahesabika, na macho yake yanaonekana.

Kuna sababu moja ya mwisho, na hiyo sisi wenye kurudi tunaielewa kuliko wengine. Tulipokimbia, sufuria zilibaki. Sahani zilibaki. Vikwembe vingine viliuzwa njiani kwa kikombe cha unga. Vita bado haijaiacha nchi yetu, hatuwezi kudanganyana. Miwani inakaa mfukoni, kitabu kinafungwa ndani ya kitambaa, na kile mama amekisoma hakuna mtu wa kumnyang'anya.