Mtu Kwanza, Dawa Baadaye: Tiba Asili ya Korea na Upunguzaji wa Uzito



1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi tiba asili ya Korea inavyoshughulikia unene. Kwanza niondoe dhana moja. Huko Korea Kusini anayetoa tiba hii si muuza mizizi wa sokoni. Anaitwa hanuisa: amesoma chuo kikuu miaka 6, amefaulu mtihani wa taifa na ana leseni. Sheria ya mwaka 1951 ilimtambua sambamba na daktari wa hospitali, na tangu mwaka 1987 bima ya afya ya taifa hulipia sehemu ya huduma zake. Dawa ya kuchemsha ya kupunguza uzito, hata hivyo, mteja huilipia mfukoni.

Hoja yangu ni hii: tunachoweza kujifunza kwao ni namna wanavyomchunguza mtu kabla ya kumpa dawa. Dawa yenyewe tuiendee kwa tahadhari.

2. Mizizi ya tiba

Kitabu mama ni Dongui Bogam cha tabibu Heo Jun, kilichokamilika mwaka 1610 na kuchapishwa 1613. Mwaka 2009 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Katika mapokeo hayo, mtu mnene huhesabiwa kuwa na unyevu mwingi mwilini, na mwembamba kuwa na moto mwingi. Wazee wa pwani yetu waliozoea kupima watu kwa damu, balghamu, safura na sauda wasingepata taabu kuielewa lugha hiyo.

Mwaka 1894 Lee Je-ma aliandika Dongui Susebowon, akawagawa watu katika maumbile manne: taeyang, taeeum, soyang na soeum. Kila umbile lina dalili yake ya afya. Taeeum yu mzima akitoka jasho vizuri. Soeum, chakula kikisagika tumboni. Soyang, akipata choo bila shida. Taeyang, mkojo ukitoka kwa wingi. Anayesemwa kunenepa kwa urahisi kuliko wote ni taeeum. Kwa hiyo watu wawili wenye kilo zilezile wanaweza kutoka kwa tabibu mmoja na maagizo tofauti: huyu afanye mazoezi hadi alowe, yule asitoke jasho jingi kwa kuwa litamdhoofisha.

3. Ndani ya chumba cha tabibu

Mteja huketi, mkono juu ya mto mdogo. Tabibu huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono huo, asikilize mapigo. Humtazama ulimi. Kisha maswali: unalala saa ngapi? Choo kikoje? Miguu hupoa? Njaa hukushika asubuhi au usiku wa manane? Baada ya hapo mteja hupanda mashine ya kupima mafuta ya mwili, kwani kliniki nyingi huchanganya ya kale na ya kisasa. Korea huhesabu unene kuanzia BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 25, wakati kiwango cha jumla cha Shirika la Afya Duniani ni 30.

Tiba huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni chakula na mwendo. Ya pili ni sindano za akupancha, mwilini au sikioni, wakati mwingine zikipitishiwa umeme mdogo. Tafiti nyingi za sindano hizi ni za watu wachache na za muda mfupi, na nafuu inayoonekana ni ndogo. Ya tatu ni dawa ya kuchemsha, ambayo hufungwa katika vipakiti vya dozi moja moja, inywewe ya vuguvugu.

4. Mmea wa kuogopwa

Dawa maarufu kwa taeeum ni taeeumjowi-tang. Ndani yake mna mbegu za yulmu (aina ya nafaka), njugu za chestnut na mbegu za figili. Vyakula, kwa kweli. Lakini mna pia mahwang, yaani efedra, yenye efedrini inayokata hamu ya kula na kuharakisha moyo.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2003 yalionyesha kuwa efedra na efedrini hupunguza takriban kilo 0.9 zaidi kwa mwezi kuliko kidonge kisicho na dawa, huku uwezekano wa mapigo ya moyo kwenda mbio, kichefuchefu na misukosuko ya akili ukipanda zaidi ya mara 2. Mwaka 2004 Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye kemikali hizo. Korea nako efedra haiuzwi kama chakula. Hutolewa kwa maagizo ya tabibu.

5. Hitimisho na mapendekezo

Ndugu wanasemina, maswali ya hanuisa kuhusu usingizi, choo na saa ya njaa hayahitaji sindano wala mizizi. Yanafaa katika kituo chochote cha afya, na tuyaulize kabla ya kumpa mtu karatasi ya mlo.

Mgonjwa akija na pakiti ya dawa ya kupunguza mwili, msimkaripie. Someni naye viambato. Mkiona mahwang, ma huang au Ephedra, mpimeni presha, muulizeni kuhusu moyo, ujauzito na dawa nyingine anazotumia, kisha mwambieni aiache hadi aonane na daktari. Pakiti isiyoandikwa kilichomo isinywewe kabisa.