Uingereza Ilipotoka Ulaya: Yaliyomfikia Mkulima wa Mishiri

Hotuba ya afisa wa biashara wa kaunti kwa wakulima wa mboga za kuuza ng'ambo

 

Mwenyekiti ameniomba nijibu swali ambalo huniandama hata sokoni: Waingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya kunamhusu nini mtu anayelima robo ekari ya mishiri hapa Mwea? Kunamhusu sana.

Kura ilipigwa Juni 23, 2016, na waliotaka kutoka wakapata asilimia 51.9. Kesho yake pauni ilianguka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana dhidi ya dola tangu 1985, naye Waziri Mkuu David Cameron akatangaza kwamba atajiuzulu. Mngedhani yameisha. Kumbe Uingereza ilitoka rasmi Januari 31, 2020, na kanuni za zamani zikaendelea kutumika hadi mwisho wa mwaka huo. Uskoti, ambako asilimia 62 walitaka kubaki, ilitolewa pamoja na wengine, na kinyongo hicho hakijaisha. Ireland Kaskazini ndiyo iliumia zaidi kisiasa: bidhaa zinazotoka sehemu nyingine za Uingereza zilianza kukaguliwa zikiingia huko, ndani ya nchi hiyo hiyo moja! Chama kimoja kikubwa kikasusia, na serikali ya jimbo ikakwama tangu 2022 hadi Februari 2024.

Kiuchumi, shirika huru linalokagua makadirio ya bajeti ya Uingereza linasema tija ya nchi hiyo itapungua kwa asilimia 4 hivi katika muda mrefu, kuliko kama wangebaki. Mnunuzi wenu akibana bei, kumbukeni kwamba naye amebanwa.

Sasa turudi shambani. Mishiri yetu ilikuwa ikiingia Uingereza bila ushuru kwa sababu nchi hiyo ilikuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Mwanachama akitoka, mapatano ya Umoja hayamfuati nyumbani. Majirani zetu Uganda, Tanzania na Rwanda wamo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni, kwa hivyo bidhaa zao zina nafuu ya ushuru hata bila mkataba. Kenya haimo. Tuliwahi kuonja uchungu huo: Oktoba hadi Desemba 2014, mazungumzo na Ulaya yalipochelewa, maua yetu yalitozwa ushuru huko.

Tatizo ni kwamba mazungumzo ya Ulaya yalikuwa ya Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kutia sahihi, na kujitoa kwa Uingereza kulikuwa mojawapo ya sababu ilizotaja. Kenya ikaamua kuzungumza na London yenyewe, na mkataba ukatiwa sahihi Desemba 8, 2020, wiki tatu tu kabla ya mlango kufungwa. Wapo wanaosema tuliwaacha wenzetu. Mimi naona tungengoja, hasara ingeshukia kreti zenu, si zao.

Hata hivyo, mkataba haukumaliza kila kitu. Waulizeni wenzetu wa Naivasha. Ua likisafirishwa moja kwa moja hadi Uingereza halikulipiwa ushuru. Likipitia mnada wa Uholanzi kwanza, lingeweza kudaiwa asilimia 8. Ua ni lile lile, njia ndiyo tofauti. Ilibidi Uingereza isimamishe ushuru huo mwaka 2024, tena kwa muda tu.

Kwenu ninyi, mzigo mkubwa ni karatasi na dawa. Zamani kiwango cha mabaki ya dawa kilichokubaliwa Ulaya ndicho kilichokubaliwa London. Siku hizi Uingereza inajipangia viwango vyake na Ulaya vyake. Dawa ambayo sehemu moja inapita, kwingine inaweza kurudisha shehena nzima. Kwa hivyo kabla ya kunyunyiza, mwulize mnunuzi mzigo unaelekea wapi, na uandike kwenye daftari jina la dawa, tarehe na kiasi. Maafisa wetu wa kilimo wodini watawasaidia, na KEPHIS watataka kuona mazao hayo kabla hayajapanda ndege.

Naona mama mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja ushuru. Tuanze na yeye.